Mguu wa Kushoto wa Hizza Tindwa

Nilikuwa nimeshafuta sikio moja la Hizza Tindwa na nimeanza kulifuta la pili, pale Mama Sikujua alipoliacha karai lake la mihogo jikoni akaja kusimama nyuma ya ngazi yangu, mikono kiunoni.

"Fundi, wewe una moyo au una kokoto?"

"Nina brashi, Mama Sikujua. Moyo haukutajwa kwenye barua."

"Huyo mtoto kakukosea nini?"

"Hajanikosea. Anaondolewa tu."

"Anaondolewa anapelekwa wapi?"

Nikashuka ngazi moja, nikaifungua tena ile barua ya Kamati. Haikusema anapelekwa wapi. Ilisema kwamba kiungo wetu Hizza Tindwa aondolewe ukutani kabla ya mechi ya Jumamosi, kwa chokaa nyeupe, kuanzia juu kushuka chini, bila kuacha alama itakayozua maswali. Nikamsomea. Akasonya kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara, kisha akarudi kugeuza mihogo yake, maana hata hasira ina muda wake na mafuta ya moto yana wake.

Kwa faida ya wasomaji wa nchi zilizobaki nyuma, ambako wachezaji bado wanasajiliwa kwa karatasi na kompyuta, niseme kidogo kuhusu huo ukuta.

Zamani Shirikisho letu la mpira lilikuwa na kompyuta. Siku moja likatangaza kwamba mfumo uko chini na tuwe wavumilivu. Tukawa wavumilivu. Mfumo ulipokaa chini misimu mitatu, Shirikisho likatushukuru kwa uvumilivu na kutoa waraka: kuanzia sasa, mchezaji halali ni yule ambaye picha yake imechorwa kwenye ukuta wa tawi kuu la timu yake. Aliyeko ukutani anacheza. Asiyekuwepo hachezi. Asubuhi ya mechi kamisaa anapita, anatazama ukuta, anatazama wachezaji, anatia sahihi. Wako waliocheka. Mimi sikucheka. Ukuta hauhitaji umeme, hausahau neno la siri, na hauwezi kuibwa isipokuwa na mtu mwenye tingatinga.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta natunza usajili wa Nungunungu, timu ambayo nimeishabikia tangu sina ndevu. Sikuchaguliwa kwa elimu, kwa sababu kuchora nimejifunza mwenyewe kwa kutazama vibao vya saluni na mabucha. Nilichaguliwa kwa kuwa katika tawi zima mimi ndiye niliyekuwa na ngazi.

Na Hizza Tindwa, kabla sijampandisha ukutani, alikuwa anabeba magunia ya vitunguu sokoni. Akishuka ukutani, magunia yapo palepale yanamsubiri.

*

Mimi si mtu wa kulaumu viongozi haraka. Hupenda kwanza kuyapanga mambo, moja baada ya jingine, kisha nisubiri. Mara nyingi nikisubiri vya kutosha nakuta lawama imejipanga yenyewe. Basi ngoja niyapange.

Mzunguko wa kwanza wa ligi tulikuwa na moto. Tulishinda nyumbani, tulishinda ugenini, tulishinda hata kule ambako wenyeji huwafungia wageni maji. Mpira ulikuwa unatoka kwa kipa, unapita kwa Hizza, Hizza anautazama kama mtu anayesoma barua ya mchumba, kisha anausukuma kwa mguu wake wa kushoto, na mbele yake Mgaya, straika wetu, anamalizia. Hapakuwa na siri nyingine. Mguu wa kulia Hizza alikuwa nao wa kusimamia tu.

Bahati mbaya serikali ikatuona.

Waziri alikuja uwanjani, akasimama katikati, wachezaji wakiwa wamepangwa juani. "Ndugu wananchi," akasema, "moto huu wa Nungunungu ni rasilimali ya taifa. Kama vile tusivyoweza kuiacha dhahabu mikononi mwa wachimbaji, hatuwezi kuuacha ushindi mikononi mwa wachezaji." Tulipiga makofi. Hata wachimbaji waliokuwepo walipiga makofi.

Siku hiyohiyo ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kulinda Moto wa Timu. Mwenyekiti akawa Mheshimiwa Kanali Mstaafu, Balozi Mstaafu, Ezekia Lupondo, mtu aliyestaafu mara nyingi kuliko yeyote nchini, na kila anapostaafu anapanda cheo. Kabla ya yote, Kamati ilisafiri kwenda nchi moja ya barafu kujifunza namna ya kutunza moto. Walirudi na makoti.

Dirisha dogo la usajili likafunguliwa, kazi ikaanza.

Kwanza waliuza straika. Mgaya alikuwa anafunga kila mechi, na Kamati ikagundua kwamba mchezaji anayefunga kila mechi ana soko, na mtu mwenye soko asipouzwa ni hasara. Nilipomfuta Mgaya nilikubali hoja hiyo. Baadaye nikiwa nasuuza brashi nikajiuliza sasa nani atafunga. Lakini hilo halikuwa kwenye barua yangu.

Kisha wakaleta makipa. Timu ilikuwa imefungwa mabao machache, na Kamati ikaona dawa ya kufungwa ni kipa. Kama kipa mmoja anafungwa machache, makipa sita hawatafungwa kabisa. Nilichora glavu mpaka rangi ya kijani ikaniishia. Ilipobainika kwamba sheria zinaruhusu kipa mmoja kwa wakati mmoja, Kamati iliilaumu sheria.

Kocha hawakumfukuza. Walimwongezea mshauri, na mshauri wakampa msaidizi, na kwa kuwa wajumbe wa Kamati nao walipaswa kukaa benchi la ufundi ili kuulinda moto kwa karibu, kocha akatafutiwa nafasi jukwaani, kwenye viti vya saruji, kwa tiketi yake mwenyewe. Alikuwa anafundisha kwa kupiga miluzi. Winga mmoja alisema wakati mwingine alishindwa kutofautisha mluzi wa kocha na wa muuza karanga, akawa anakimbilia karanga.

Na winga mpya je? Huyo alitambulishwa kwa winchi. Sisi huku utambulisho wa mchezaji ni jambo kubwa kuliko mchezaji, na Kamati ilitaka ashuke kutoka angani. Akaning'inizwa juu ya uwanja saa mbili asubuhi. Hotuba zikaanza. Alipofikiwa na kushushwa ilikuwa adhuhuri, jua limempiga upande mmoja, na tangu siku hiyo hataki kabisa mipira ya juu.

Tukatoka sare. Tukafungwa. Tukafungwa tena, nyumbani, na timu ambayo basi lao liliharibika njiani wakaja uwanjani kwa miguu.

Mheshimiwa Lupondo akaita waandishi. "Moto wa timu haujapungua," akasema. "Umebadili mwelekeo."

"Si unaona?" aliniambia Dachi, kinyozi wa kibanda cha pili, ambaye ameshapeleka maombi ya kujiunga na Kamati na anaitetea kama ameshajibiwa. "Hawa watu wana akili. Wewe ungejua kwamba moto una mwelekeo?"

Nikakiri kwamba nisingejua.

"Na ndiyo sababu wewe uko juu ya ngazi na wao wako kwenye viyoyozi."

"Dachi," Mama Sikujua akadakia kutoka kwenye karai, "hiyo Kamati ikikuchukua, utawanyoa nini? Vipara vyote vile!"

*

Kamati ikafanya uchunguzi kujua nani ameharibu. Walichunguza kwa utaratibu mzuri. Waliorodhesha wachezaji wote, wakakuta karibu wote wamesajiliwa na Kamati yenyewe, kwa hiyo hawawezi kuwa na kosa. Akabaki mmoja tu aliyekuwepo tangu wakati ule tunashinda. Ikaonekana wazi kwamba huyu ndiye anayeuvuruga mfumo mpya kwa mazoea ya zamani. Mazoea yenyewe yalitajwa: kushinda.

Nafasi yake, jezi namba kumi, ikapewa kijana aitwaye Prosper Lupondo. Kamati ilisisitiza kwamba jina la ukoo halikuhusika. Alichaguliwa kwa rekodi. Prosper hajawahi kupoteza mechi hata moja maishani mwake. Dachi alipouliza kwa heshima amecheza mechi ngapi, akaambiwa swali hilo halihusiani na kupoteza.

Basi nilikuwa na kazi mbili ukutani kabla ya Jumamosi: kumtoa Hizza na kumweka Prosper.

Nikaanza na Prosper. Nilimchora vizuri, kijana mwembamba mwenye macho ya usingizi, kwa sababu ndivyo alivyo. Mheshimiwa Lupondo akaja kukagua, akashuka garini, akakunja uso.

"Fundi, huyu mbona hana hadhi?"

"Ndiyo sura yake, Mheshimiwa."

"Sura ni jambo la kuboresha. Mwongeze mashavu. Mchezaji wa taifa asionekane na njaa."

Nikaongeza mashavu. Kesho yake akarudi.

"Nywele zimemzidi. Anaonekana mhuni. Zirudishe nyuma."

Nikazirudisha nyuma. Akasema zirudi zaidi. Zikarudi mpaka zikaisha.

"Afadhali. Sasa macho. Hayaonyeshi kwamba anafikiri. Tia miwani."

"Mheshimiwa, namba kumi na miwani?"

"Fundi, unabishana na Kamati?"

Nikatia miwani. Nikatia na kidevu cha pili, na ule mkunjo wa katikati ya paji la uso ambao huonyesha uongozi. Mwisho Mheshimiwa akasogea nyuma, akautazama ukuta kwa muda mrefu, akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu yake wa damu.

"Hapo," akasema. "Hapo sasa nampata."

Dachi akapiga makofi. Mama Sikujua akauma ncha ya kanga yake ili asitoe sauti. Mimi nikakunja ngazi. Barua ilisema Kamati ndiyo itakayoidhinisha sura, na sura ilikuwa imeidhinishwa.

*

Ijumaa mchana, baada ya nywele na masikio, nilifuta paji la uso la Hizza, nikaruka macho, nikarudi, nikayafuta. Nimefuta watu wengi kwenye ukuta ule. Macho ndiyo yanayonichukua muda.

Nilipomaliza kifua akatokea mwenyewe, kwa miguu, mfuko wa njumu begani. Alikuwa ametoka kwenye ofisi ya Kamati. Huko alikuwa ameandaliwa hotuba ya kuishukuru timu kwa kumwacha, akaisoma mbele ya kamera, na aliposita mahali palipoandikwa "atabasamu", wakamrudisha asome upya.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Hizza."

Akatazama juu. Kwa wakati ule alikuwa kaptula na miguu tu.

"Ndiyo nimekwisha hivyo?"

"Bado kidogo."

"Usiharakishe kwa ajili yangu," akasema, akacheka kidogo. Kisha cheko likamwisha. "Nimepita sokoni. Jamaa wa vitunguu ananiuliza kama mgongo bado upo. Nimemwambia upo. Nilimwambia mama nitaezeka kabla ya mvua, fundi. Sasa sijui nimwambie nini."

Mama Sikujua akamletea muhogo kwenye kipande cha gazeti, umepasuliwa, una pilipili na ndimu. "Kula, mwanangu. Na ukimaliza, nenda kafanye mazoezi."

"Mazoezi ya nini, mama? Kesho sichezi."

"Kwani nimekuuliza kama unacheza? Nimesema kafanye mazoezi."

Hizza akala, akafuta vidole, akaenda. Tulimwona akipotea kona ya mabucha akirusha kopo tupu kwa mguu wa kushoto, likipanda na kushuka bila kugusa chini.

Nikaendelea. Kaptula ikaenda. Mguu wa kulia ukaenda wote. Wa kushoto ukaenda paja, ukaenda goti, nikashuka nao mpaka karibu na kifundo, na hapo chokaa ikaisha ndooni.

Ningeweza kununua chokaa duka la jirani. Lakini utaratibu wa Kamati unataka chokaa ya kufutia wachezaji iombwe kwa maandishi, ipitie kwa mshauri, iidhinishwe na kikao. Mimi ni mtu wa utaratibu. Niliandika ombi nikalipeleka. Mlinzi akaniambia kikao ni Jumanne.

*

Jumamosi asubuhi kamisaa wa mchezo akaja. Anaitwa Bwana Nyenzi, mtu mkavu, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo unaweza kukata mkate, na haangalii mtu usoni mpaka amalize kuangalia ukuta. Kamati yote ilikuwepo. Wachezaji walikuwa wamejipanga. Prosper alikuwa mwisho wa mstari, amevaa namba kumi, anapiga miayo.

Bwana Nyenzi akaanza upande wa makipa, akatazama picha, akatazama uso, akatia alama, akasogea. Alipofika namba kumi akatazama ukuta. Akamtazama Prosper. Akatazama ukuta. Kisha akageuka taratibu, akamkazia macho Mheshimiwa Lupondo.

"Mheshimiwa," akasema, "mbona hujavaa jezi?"

"Nani? Mimi?"

"Namba kumi. Ni wewe." Akaonyesha kwa kalamu. Mashavu, kipara, miwani, kidevu cha pili, mkunjo wa uongozi. "Huyu kijana hayupo ukutani. Wewe upo. Mechi ni saa kumi, nakushauri upashe mwili."

"Bwana Nyenzi, ile ni picha ya mpwa wangu."

"Imeidhinishwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

"Basi hakuna anayejua zaidi yako. Sura hii ni ya mpwa wako au ni yako?"

Watu walikuwa wameshajaa barabarani. Mheshimiwa alitazama Kamati, Kamati ikatazama makoti yake. Akisema ni ya mpwa, atakuwa anasema mbele ya umma kwamba yeye na mpwa ni kitu kimoja, jambo ambalo Kamati ilishalikanusha kwa maandishi. Akisema ni yake, atacheza.

"Mimi," akasema mwisho, "leo nina goti."

"Goti lipo ukutani pia, zima kabisa," akasema Bwana Nyenzi. "Lakini mchezaji anaweza kujitoa kwa ugonjwa. Nimeandika: namba kumi, goti." Akaandika kweli. "Mna mwingine? La sivyo mnaanza pungufu. Hao makipa watano hawachezi ndani, nimeshawauliza."

Ndipo Mama Sikujua akanyoosha koleo lake la mihogo kuelekea chini ya ukuta.

"Na ile njumu ni ya nani?"

Bwana Nyenzi akachuchumaa. Pale chini, juu ya chokaa nyeupe, njumu moja nyeusi ilikuwa imesimama peke yake, kamba zimefungwa, kifundo kikitokeza kidogo.

"Fundi, huu mguu ni wa nani?"

"Wa Hizza Tindwa, bwana. Ni kazi ambayo haijaisha. Chokaa inasubiri kikao."

"Waraka unasema aliyeko ukutani anacheza," akasema taratibu, kama anayejisomea mwenyewe. "Hausemi lazima awepo mwili mzima." Akasimama, akapangusa magoti. "Atacheza. Lakini kwa kile kilichopo ukutani tu. Mguu wa kushoto. Akigusa mpira kwa kichwa, kifua au mguu wa kulia, ni madhambi. Ana pingamizi mtu yeyote?"

Mtu aliyetumwa kumtafuta Hizza alimkuta sokoni, nyuma ya vitunguu, akichezea kopo.

Sina haja ya kueleza mechi yote. Kocha alipiga miluzi, muuza karanga akanyamaza kwa heshima. Mwamuzi alimfuata Hizza kama kivuli, akisubiri auguse mpira kwa sehemu isiyosajiliwa, na hakumpata hata mara moja, maana tangu azaliwe Hizza hajawahi kuutumia huo mguu mwingine. Karibu na mwisho tukapata mpira wa adhabu nje ya boksi. Akautazama kama zamani. Wapinzani walijenga ukuta. Mpira ukapita juu ya ukuta wao, ukakunja, ukaingia kwenye kona ya lango ambako kipa hufika kwa macho tu. Tulishinda moja bila. Dachi alinikumbatia akilia, akasema Kamati ina watu wenye akili sana.

Jioni Mheshimiwa Lupondo akaita waandishi. Goti lilikuwa limepona. Akaeleza kwamba moto wa timu umerudi kutokana na mageuzi ya Kamati, na kwamba yote yalipangwa, pamoja na lile goti. Hizza hakutajwa. Alikuwa bado uwanjani, watu wamembeba juujuu, na wengi walikuwa wanataka kushika ule mguu.

*

Jumanne kikao kikakaa. Ajenda ya kwanza ilikuwa kupongezana, ya pili chokaa. Nimeletewa ndoo nzima, imejaa mpaka ukingoni, pamoja na barua mpya: njumu ifutwe mara moja na bila visingizio. Na ile picha nyingine iondolewe miwani.

Nimeanza leo asubuhi na mapema, kwa kuwa mimi si mkaidi. Lakini njumu ina mambo yake. Ina kamba, kamba ina matundu, na kila tundu lina kivuli chake. Niliyachora mwenyewe, nayajua. Ukipaka chokaa juu ya rangi nyeusi bila kusubiri ikauke, kesho yake nyeusi inarudi juu, na hapo itakuwa imebaki alama, na barua ilikataza alama. Kwa hiyo napaka tundu moja, nasubiri likauke, ndipo nalitazama.

Hizza alipita mchana akitoka mazoezini. Akanikuta nimekaa kwenye kigoda mbele ya mguu wake, brashi mkononi.

"Shikamoo, fundi. Kazi inaendaje?"

"Marahaba. Inaenda. Wewe paa linaendaje?"

"Bati zimefika. Bado misumari."

"Ezeka polepole," nikamwambia. "Kazi nzuri haitaki haraka."

Jua limeshateremka nyuma ya mabucha. Mama Sikujua anamwaga maji kwenye mkaa. Ukutani, tundu la kwanza limefutika vizuri, ingawa nikiinama kwa pembeni naona weusi kidogo bado unachungulia. Itabidi nilirudie. Nimeloweka brashi, nimefunika ndoo, nimelaza ngazi. Jumamosi tuna mechi ugenini, na kesho, nikijaliwa, nitalitazama tena lile tundu la kwanza kabla sijagusa la pili.